Lumumba Mwandishi wa Habari: Mambo ya Mji Kama Ushahidi

Patrice Lumumba husomwa mara nyingi kuanzia mwisho wake. Msomaji anayejua yaliyotokea Katanga tarehe 17 Januari 1961 huyarudia maandishi ya ujana wake ili kutafuta humo ama shujaa aliyejificha, ama mtumishi wa wakoloni aliyegeuka baadaye. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine: tumsome kama alivyokuwa kati ya 1948 na 1956, karani wa posta wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, aliyepeleka habari za mji wake kwenye magazeti ya Léopoldville.

Maandishi hayo yalikusanywa na mwanahistoria Mutamba Makombo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1993. Yaliandikwa kwa Kifaransa, na magazeti yaliyoyapokea ni pamoja na La Croix du Congo, lililokuwa la Wakatoliki, na La Voix du Congolais. Hili la pili lilianza mwaka 1945 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, nalo lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni. Mahali pa namna hiyo mwandishi aliweza kueleza mikutano ya vyama na maisha ya wale walioitwa maevolue, yaani Wakongo wenye elimu ya shule. Kuhukumu utawala wenyewe hakuruhusiwa. Hata hivyo, tusidai kwamba kila sifa aliyowapa Wabelgiji ilikuwa kinyago. Kitabu alichokiandika mwaka 1956, kilichochapishwa Brussels baada ya kifo chake, bado kinatumaini umoja wa Wabelgiji na Wakongo. Matumaini hayo yalikuwa ya kizazi chake.

Basi, faida ya kazi hiyo iko wapi? Twaiona katika mazoea ya jicho na sikio. Anayeandika habari za mji hulazimika kuangalia nani amealikwa, nani ameketi wapi, nani amebaki mlangoni, nani amesema nini kwa maneno gani. Tukiisoma kwa makini hotuba ya tarehe 30 Juni 1960, tunakuta orodha ya mambo ya mji: mishahara isiyotosha chakula, mavazi wala malezi ya watoto, nyumba nzuri za Wazungu na vibanda vya Waafrika, sinema, mikahawa na maduka yaliyofungwa kwa Mwafrika, abiria mweusi aliyesafiri chini ya meli huku Mzungu akikaa chumbani juu. Ni habari ambazo gazeti la serikali lisingezichapa mwaka 1950. Siku hiyo zilisomwa mbele ya mfalme Baudouin.

Ushahidi unaotuhusu zaidi sisi wanaisimu ni kiwakilishi kimoja. Mfaransa akisema na mtu mmoja ana njia mbili: tu kwa rafiki, mtoto au mdogo wake, na vous kwa anayestahili heshima. Lumumba alikumbusha kwamba Mwafrika aliambiwa tu, wala si kwa urafiki, bali kwa sababu vous iliwekwa kwa ajili ya Wazungu.

Tuipelekeje hoja hiyo katika Kiswahili? Katika Kiswahili sanifu, mkwe na mtoto wote huambiwa wewe pasipo tusi. Heshima hubebwa na baba, mama, mzee, na namna ya kusalimu. Anayetafsiri «tuliambiwa wewe» ametunza neno na kupoteza jeraha. Anayetafsiri «tulisemeshwa kama watoto» ameokoa jeraha na kupoteza ushahidi, kwa maana ushahidi ulikuwa neno lenyewe, lililosikika ofisini na dukani kila siku. Kwa maoni yetu, tu iachwe ilivyo na kuelezwa ndani ya sentensi, hata kama sentensi itarefuka.

Jambo hili si dogo. Watu wa Stanleyville walizungumza Kiswahili na Kilingala. Habari zao zikaandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Kuzirudisha kwao ni wajibu wa idara zetu, na mwanafunzi atakayeianza kazi hiyo aanze na maandishi ya magazeti kabla ya hotuba, ili asikie jinsi sikio lile lilivyofunzwa.