Fundi wa Ruhusa

Katika ofisi nyingi za Nakasero na Kololo, Kampala, kumpa mtu hati ni kubofya tu: "yeyote mwenye kiungo". Kiungo kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp, mradi unakwisha, mhasibu anahamia kwingine, na jedwali la mishahara linabaki wazi. Enzi za masijala jalada halikutoka bila saini, na karani alijua liko meza ya nani.

Warithi wa karani huyo wapo, ingawa wachache. Ni wasimamizi wa mitambo, wale wanaoitwa printa inapogoma. Fundi wa kweli hufungua dirisha la amri, akaiita GAM, programu ya bure ya kusimamia akaunti za Google za taasisi, na mwanzoni hafuti chochote. Huomba orodha kwanza: faili gani, ya nani, nani anaiona. Mistari humiminika kwa maelfu, naye huisoma akitafuta neno moja, anyoneWithLink, kitambulisho ambacho Google Drive huipa ruhusa ya kila mwenye kiungo. Kisha huwauliza wenye hati. Fomu ya kuomba kazi ibaki wazi. Nakala za vitambulisho vya waombaji, la hasha. Ndipo huandika amri ya kufuta, akaijaribu kwenye faili moja kabla ya kuiachia orodha nzima. Orodha ya awali huihifadhi, maana bila hiyo ni vigumu kurudisha ruhusa iliyoondolewa kimakosa.

Adabu hiyo ni ya zamani. Amri ya chmod, ya kuweka ruhusa za faili, ilikuwamo katika mfumo endeshi wa Unix wa 1971. Leo ukiandika 640, mwenye faili anasoma na kuandika, kundi lake linasoma tu, wengine hawapati kitu. Tarakimu tatu, na kila moja imefikiriwa. Google Drive ilikuja 2012 na kugawa kukawa rahisi mno.

Hatari ya kupoteza hati Kampala inaijua, na kwa nini nakala ziwekwe mbali: usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua. Sheria nayo ipo. Tangu 2019 Uganda inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini moto huonekana na watu wakakimbilia maji. Hati iliyoachwa wazi haitoi moshi.

Mkurugenzi unayesoma haya, mwombe msimamizi wako orodha ya hati zote zilizo wazi kwa mwenye kiungo. Anza na zile za wafanyakazi waliokwisha kuondoka.