Ngoma Zilisafiri, Inanga Ikabaki

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki nchini Burundi, na Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa, ikautoa kwenye santuri. Ngoma ndizo zilizopata bahati. Mwaka 1971 zilichukuliwa, zikaongezewa gitaa na kinanda, ukatoka wimbo ulioitwa "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell akaziweka chini ya sauti yake katika "The Jungle Line". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za London, Adam and the Ants mojawapo, zikauiga mdundo ule hadi ukawa fasheni. Mwaka 2014 UNESCO nayo ikaiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sina ugomvi na ngoma. Zikipigwa karibu nawe zinakugonga kifuani kabla hazijafika masikioni, na atakayesema hazimsisimui sitamwamini. Lakini kwenye kazi ileile ya Vuylsteke kuna mtu anayenong'ona huku akipiga inanga, chombo cha nyuzi, na kuna zeze la uzi mmoja. Hao hawakuazimwa na mtu yeyote wa London. Mimi nimekuja kuwasikiliza hao, na nimekuja nao Runingu.

Runingu ni mahali pazuri pa kazi hiyo, ingawa ni pagumu. Ni gurupema la Wafuliiru katika Bonde la Ruzizi, upande wa Kongo, kaskazini ya Uvira. Milima ya Itombwe iko mgongoni, na mbele, ng'ambo ya mto, ni Burundi yenyewe, vilima vyake vikionekana vizuri asubuhi mvua ikishapita. Watu wa bonde wamevuka mto huo kwenda na kurudi tangu zamani, kwa ng'ombe, kwa mihogo, kwa ndoa, na Kirundi kinasikika kwenye masoko ya upande huu kila wiki. Kwa hiyo ukifungua inanga hapa hakuna atakayeuliza ni muziki wa nchi gani. Ugumu wake ni kelele. Barabara ya Uvira kwenda Bukavu haina adabu: malori, pikipiki, honi. Kwaya inafanya mazoezi na bafle mbili kubwa, na baa ina rumba yake ya Kinshasa, magitaa yakikimbizana mpaka usiku wa manane. Vyote hivyo vinaifunika inanga. Hata mbuzi anaifunika.

Haikutengenezwa kushindana. Inanga ilipigwa ndani ya nyumba, jioni, watu wachache wameketi karibu, na nyimbo zake ni masimulizi: wafalme, mashujaa, vita, ng'ombe waliosifiwa kwa majina yao. Chombo chenyewe ni gogo moja lililochongwa likawa sinia refu lenye kingo, karibu urefu wa mkono mzima au kuzidi. Miisho yake miwili imekatwa meno. Halafu unakuja ufundi ambao kwanza sikuuona kwa sababu ulikuwa wazi mno: nyuzi zile saba au nane si nyuzi nyingi. Ni uzi mmoja, zamani wa kano za ng'ombe, unaofungwa mwisho mmoja, ukapitishwa jino kwa jino, ukaenda na kurudi mpaka ubao ukajaa.

Fikiria sasa kulinganisha sauti za chombo cha namna hiyo. Hakuna funguo za kuzungusha kama za gitaa. Ukitaka mstari wa tatu upande juu, unauvuta, lakini ulichovuta kimetoka kwa jirani, na jirani amelegea. Basi mpigaji anaanza upande mmoja, anasukuma ulegevu mbele kidogo kidogo, anadonoa, anasikiliza, anarudi nyuma, anadonoa tena. Wazee wanaojua kazi hii hawaifanyi kwa haraka wala hawaombi radhi kwa kuchelewa. Wanaongea na wageni huku vidole vikiendelea kusaka, na huwezi kusema ni dakika gani kulinganisha kumeisha na wimbo umeanza. Nadhani hawataki ujue.

Kisha mtu ananong'ona.

Hapa inabidi kwenda polepole, maana ndiyo sehemu iliyonifanya niirudie rekodi hii kuliko nyingine yoyote. Mnong'ono hauna tuni. Jaribu mwenyewe kunong'ona wimbo wowote unaoujua: maneno yatasikika, mahadhi hayatakuwapo, kwa sababu nyuzi za sauti kooni hazitikisiki na kinachotoka ni pumzi tu iliyopitishwa kwenye ulimi na midomo. Hakuna juu wala chini ya kweli. Hata hivyo ukisikiliza mpigaji wa Burundi, unasikia mtu anaimba. Sauti inapanda, inashuka, inakaa, ina mahadhi kamili. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales alilichunguza jambo hili kwa miaka, na mwaka 2002 akalieleza katika jarida la Ethnomusicology: mahadhi yote yako kwenye nyuzi. Sikio linachukua sauti ya inanga na pumzi ya mtu, vitu viwili vinavyotoka kwa pamoja, linaviunganisha, halafu linampa mnong'onaji sifa ya wimbo ambao hakuuimba.

Ili hila hiyo ifanye kazi, mkono na mdomo lazima viwe sahihi sana. Kidole kikitangulia silabi, kila kimoja kinabaki peke yake na unasikia mtu anayepumua kando ya ubao. Kwenye rekodi kuna mahali pumzi inakuwa nzito, konsonanti zinapasuka, karibu kila moja inatua juu ya mdonoo wake. Halafu mpigaji anaacha nyuzi ziende peke yake mzunguko mmoja, na sikio langu, ambalo limeshazoea, linaendelea kusikia sauti ya mtu ambayo haipo. Nimejaribu kulishinda. Nimejua kabisa kinachofanyika, nikakaza akili, na bado nimesikia mtu akiimba.

Ng'ambo nyingine, Rwanda, inanga hiyohiyo huimbiwa kwa sauti ya wazi. Wapigaji Rujindiri na Sebatunzi walifungua koo, na Thomas Kirusu vilevile. Binti yake Sophie Nzayisenga anaendelea na kazi hiyo hadi leo, kwenye majukwaa ambayo babu zake wa ufundi hawakuyafikiria. Nawapenda wote. Lakini aliyefungua koo ameshika wimbo mwenyewe, na ubao unamsindikiza. Mnong'onaji wa Burundi ameutoa wimbo wake wote kwa ubao, akabaki na maneno na pumzi. Kwangu mimi huyo ndiye fundi zaidi, na najua kwamba kuna watu wa Kigali watakaonikatalia.

Zeze la santuri hii, indingiti, ni kijana kuliko inavyodhaniwa. Klaus Wachsmann, aliyewahi kuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, aliandika kwamba zeze la aina hii lilitokea Buganda mwanzoni mwa karne ya 20, na likaenea kutoka huko. Kwa hiyo kitu tunachokiita cha asili kilikuwa kipya babu zetu walipokuwa wavulana. Hilo halinisumbui. Waayalandi nao wana muziki wa asili wenye fidla, na siku hizi albamu zao nyingi zina gitaa, ilhali gitaa liliingia kwao juzi tu, katika karne hiyohiyo. Mwaka 1997 Martin Hayes, mpiga fidla kutoka County Clare, alitoa "The Lonesome Touch" pamoja na Dennis Cahill wa Chicago, aliyefariki mwaka 2022. Cahill aliweza kupitisha kipande kirefu kwa noti chache kiasi kwamba unasahau ana gitaa mkononi. Mtu aliyelelewa na sebene ya rumba anaweza kudhani amesinzia. Sisi gitaa letu tulilisikia kwa Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Likasi mwaka 1952, ambaye kidole gumba na cha shahada vilimfanyia kazi ya watu wawili. Ni uzuri mwingine, wa wingi. Cahill alikuwa na uzuri wa kubana, na katika kubana huko angeelewana haraka na mpiga inanga.

Turudi kwenye indingiti. Kikombe cha mti kimewambwa ngozi, fimbo imechomekwa, uzi mmoja umevutwa kutoka juu ya fimbo hadi kwenye ngozi. Upinde wake mdogo umepindwa sana na kupakwa utomvu mkavu ili ushike. Uzi umesimama mbali na fimbo, kwa hiyo vidole haviukandamizi kwenye mti kama kwenye fidla, vinaugusa hewani. Hiyo ina maana kwamba hakuna kitu kigumu chini ya kidole cha kumwambia mpigaji yuko wapi. Anajua kwa sikio na kwa desturi ya mkono, basi. Na kwa kuwa kidole kinagusa tu, noti haitoki safi: inakuja na mkwaruzo, na nyuma yake filimbi nyembamba isiyotarajiwa. Wengine husema zeze hili linalia. Mimi nasikia mtu mwenye mafua anayejua kuimba vizuri sana. Halafu anasogeza kikombe kwenye kifua chake, sauti inafungwa, anakitenga, inafunguka. Kwa uzi mmoja na nafasi ya noti chache, hiyo ndiyo njia yake ya kubadilisha rangi.

Nina lawama moja kwa santuri. Vipande ni vifupi. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu, na ndani yake Burundi nzima ilibidi ipangwe foleni: ngoma, salamu za wanawake, upinde wa kugonga, likembe, kila kitu. Simulizi la inanga linahitaji jioni. Unapoanza kumzoea mtu na pumzi yake, zamu yake imekwisha na mwingine ameshaingia.

Atakayetaka kusikiliza huku bondeni asitumie spika ya simu. Nimeona mara nyingi: ile spika ndogo inazimeza sauti nene za inanga, na zikishaondoka mnong'ono unarudi kuwa pumzi tupu, mtu anadhani faili limeharibika. Ziba masikio kwa ekuta nzuri, au subiri baa ifunge. Nilimnakilia kijana wa jirani faili zote kwenye kadi yake ya memori, nikamweleza habari ya kano, meno na pumzi, akaitikia kwa heshima zote. Siku hizi nasikia kutoka nyumbani kwao ngoma tu, tena kwa sauti ya juu kabisa.