Flashi, Autorun na lawama za mtumiaji

Kompyuta ikiingia virusi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mtumiaji: kachomeka flashi asiyojua ilikotoka, kabofya asichokielewa. Lawama hiyo haikosi ukweli, ila inamsahau aliyeujenga mlango. Chukua Conficker, kirusi kilichoanza kusambaa kwenye Windows Novemba 2008. Moja ya njia zake ilikuwa kujipachika kwenye flashi pamoja na faili la autorun.inf. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Vista, kilifunguka kisanduku chenye mistari miwili iliyofanana kama mapacha: picha ya folda, na maneno ya kukualika uifungue uone mafaili. Mmoja ulifungua folda kweli. Mwingine, uliokaa juu, uliwasha kirusi. Cha kukushtua kilikuwa kijimaandishi cha pembeni tu, kikisema hapo unaendesha programu. Kwenye steshenari, foleni ya kuprinti imefika mlangoni, nani angekisoma?

Windows 7, iliyotoka 2009, iliondoa Autorun, yaani uwezo wa faili kama hilo kujipenyezea mwaliko kwenye kisanduku, kwa upande wa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikapeleka badiliko hilo kwenye XP na Vista. Katika miezi michache tu, kwa takwimu zake yenyewe, maambukizi ya virusi vya aina hiyo kwenye XP yalipungua kwa zaidi ya nusu, na kwenye Vista zaidi ya hapo. Watu hawakupelekwa darasani. Waliendelea kuazimana flashi vilevile. Kilichobadilika ni mfumo.

Atakayepinga atasema sasisho la kuziba tundu ambalo Conficker ilipitia mtandaoni lilitoka Oktoba 2008, kabla ya kirusi chenyewe. Ni kweli. Tena kilibahatisha nywila za kitoto kama 12345, na hapo mtumiaji simtetei. Lakini uzembe huo hauelezi yaliyowakuta wenye Mac mwaka 2012. Flashback, programu hasidi ambayo mwanzoni ilimhitaji mtu adanganyike kusakinisha Flash Player bandia, sasa iliingia kwa kufungua tovuti tu, kupitia tundu la Java, ikanasa Mac zaidi ya 600,000. Oracle, kampuni yenye Java, ilikuwa imeliziba tundu hilo Februari. Apple, iliyojitengenezea Java ya Mac yenyewe, ilileta sasisho Aprili. Kwa wiki hizo saba, hata mwangalifu kupindukia hakuwa na cha kusasisha, labda azime Java kabisa.