Rupia 2 za Mfugaji: Uhakiki wa Filamu ya Manthan

Mshairi aweza kutunga akiwa na kalamu na karatasi tu. Filamu hudai kamera, taa, mafundi na waigizaji wa kulishwa kila siku. Kwa sababu hiyo, mara nyingi mwenye fedha ndiye aamuaye kisa kipi kisimuliwe na kipi kinyamaziwe. Je, watazamaji wenyewe wakichanga fedha hizo, msanii hupata uhuru au hupata bwana mpya? Swali hili laweza kuchunguzwa kwa kuitazama Manthan, filamu ya Kihindi iliyoongozwa na Shyam Benegal mwaka 1976.

Jina hilo lina maana ya kusukasuka maziwa hadi siagi ijitenge. Filamu iligharamiwa na wafugaji 500,000 wa jimbo la Gujarat, wanachama wa vyama vya ushirika wa maziwa. Kila mmoja alitoa rupia 2, na jumla yake ikawa rupia milioni 1. Ilipokamilika, wafugaji walisafiri kwa malori kwenda kuitazama. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza kibaba hicho kilijazwa nini.

Daktari wa mifugo, Rao, anafika kijijini kuanzisha ushirika. Mishra, mwenye kiwanda cha maziwa, amezoea kuwanyonya wafugaji kwa bei duni. Mkuu wa kijiji anataka ushirika uwe mali yake, na watu wa tabaka la chini, wakiongozwa na Bhola, hawamwamini mgeni yeyote kutoka mjini. Mwishowe Mishra anampata Bindu, mwanamke maskini aliyekuwa rafiki wa Rao, akamtia dole gumba katika hati ya kumsingizia daktari kwamba alimnajisi. Rao anaondoka, Bhola anabaki kuuendeleza ushirika.

Ubora wa kwanza wa filamu hii ni kwamba wachangaji hawakununua sifa. Kijiji hakionyeshwi kuwa pepo ya umoja. Ubaguzi wa tabaka umo ndani ya ushirika wenyewe, na adui si Mishra peke yake. Mfugaji aliyetoa rupia zake alijiona pamoja na kasoro zake. Hiyo ndiyo heshima ambayo msanii aweza kumpa mtu aliyemgharamia.

Hata hivyo, dosari ipo. Verghese Kurien, kiongozi mkuu wa vyama hivyo, alishiriki kutunga kisa, na hoja ya ushirika imepewa uzito kuliko mateso ya Bindu. Bhola anapata sauti. Bindu anaachiwa mume wake na hati ile. Kilio chake kinatumika kumwondoa Rao jukwaani, kisha kisa kinasonga mbele bila yeye.

Dole gumba la Bindu linatukumbusha jambo jingine: anayetoa chake anapaswa kujua anatia sahihi katika nini. Mwaka 2013, wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, Veronica Mars, walichanga kwa njia ya intaneti zaidi ya dola milioni 5.7 ili itengenezwe filamu. Wachangaji walikuwa 91,585. Haki za kisa hicho zilikuwa za kampuni kubwa ya Warner Bros.; wachangaji walipata fulana, picha na nakala za filamu, wala hawakupata sehemu ya faida. Hawakudanganywa, maana masharti yalikuwa wazi. Lakini zawadi si hisa. Nchini humo, kanuni za kumruhusu raia wa kawaida kununua hisa kwa michango ya namna hiyo zilianza kutumika Mei 2016. Wafugaji wa Gujarat waliingia kwa mlango tofauti: filamu ilitolewa kwa jina la shirikisho la vyama vyao wenyewe.

Sisi tuliozoea michango ya harusi, misiba na madarasa hatuna haja ya kufundishwa kuchanga. Linalohitajika ni kuhakiki. Mwalimu anapoionyesha filamu ya namna hii darasani, na awaulize wanafunzi maswali matatu: Nani alitoa fedha? Alipata haki gani? Na je, msanii alithubutu kumwambia ukweli? Manthan yalijibu swali la tatu kwa ujasiri, isipokuwa pale ilipomfikia Bindu.