Maneno ya Kuazima: Kuisikiliza Albamu ya The Lion King: The Gift Kutoka Pwani ya Wabajuni

1. Utangulizi

Tarehe 19 Julai 2019, siku ambayo filamu ya The Lion King iliyoongozwa na Jon Favreau ilianza kuonyeshwa Marekani, Beyoncé alitoa albamu iliyofungamana nayo, The Lion King: The Gift. Mwaka mmoja baadaye albamu hiyo ikazaa filamu nyingine ya muziki, Black Is King. Makala haya yanaihakiki albamu kwa kigezo kimoja tu, yaani namna inavyokitumia Kiswahili. Mahali pa kuisikilizia ni ncha ya kaskazini ya Uswahilini: Kismayo na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, pwani ya Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu. Hoja inayotetewa ni kwamba albamu inafurahisha kwa haki, lakini inakifanya Kiswahili kuwa lugha isiyo na kwao. Na Wabajuni ndio wanaojua vyema gharama ya lugha kuonekana hivyo.

2. Raha na haki yake

Uhakiki wetu una desturi ya kuibeza raha ya muziki wa sinema. Desturi hiyo haifai hapa. Kismayo ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab kuanzia 2008 hadi 2012, na kundi hilo lilipiga marufuku muziki na filamu katika maeneo yake. Kwa pwani iliyopitia hali hiyo, kusikiliza wimbo kwa ajili ya kuufurahia tu ni jambo lenye uzito.

Ubora wa albamu unatokana na wenyeji walioalikwa kusema kwa ndimi zao. “Ja Ara E” ina jina la Kiyoruba, na anayeimba ni Burna Boy wa Nigeria. Katika “My Power”, Busiswa na Moonchild Sanelly wanaingia na lugha na midundo ya Afrika Kusini. “Mood 4 Eva” imejengwa juu ya sauti ya Oumou Sangaré wa Mali. Katika nyimbo hizi lugha inafika pamoja na mtu wake, na msikilizaji asiyeelewa neno hata moja bado anatambua kuwa kuna mwenye nyumba anayezungumza.

Toleo la kwanza liliweka vipande vya mazungumzo ya filamu kati ya nyimbo, na toleo la 2020 likaviondoa. Bila vipande hivyo nyimbo zinalazimika kusimama zenyewe, na nyingi zinasimama. Ni hapo pia ambapo upungufu wa Kiswahili unajitokeza wazi.

3. Kiitikio kisicho na mwenyewe

Hadithi hii imekopa Kiswahili tangu filamu ya 1994: Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi ni maneno yetu. Hata hivyo, albamu ilipotoka, wasikilizaji wa Afrika Mashariki walilalamika kuwa hakuna msanii wa kwao aliyeshirikishwa. Lalamiko hilo lilichukuliwa kuwa suala la nafasi za kazi. Ukweli ni kwamba lina sura ya kisanaa pia.

Wimbo mkuu, “Spirit”, unafunguliwa kwa Kiswahili, kwa mwito na kiitikio vya kumtakia mfalme umri mrefu. Sarufi haina kosa, ila kauli yenyewe ni tafsiri ya neno kwa neno ya shangwe ya Kiingereza. Mswahili humwombea mtu umri kwa Mwenyezi Mungu. Husema “Mola akuweke” au “Mungu akupe umri”. Baada ya ufunguzi huo Kiingereza kinashika usukani, na Kiswahili kinabaki mlangoni kama bawabu: kimemkaribisha mgeni, lakini hakikuitwa ukumbini.

4. Mahadhi ya kuazima, maneno ya kwao

Haifuati kwamba kuazima ni kosa. Nyimbo za filamu za Kihindi zilipendwa Somalia kama zilivyopendwa Mombasa, na wengi wa waliozipenda hawakujua Kihindi. Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014) aliyachukua mahadhi yake akayavika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Lahani ilikuwa ngeni, lakini neno lilikuwa na kwao, na wasikilizaji waliweza kulijadili, kulipinga na kulijibu. The Gift imekwenda kinyume: neno ni la kuazima, na hakuna aliyealikwa kulijibu.

Pwani ya kaskazini ina kisa chake cha mrithi anayewindwa na jamaa yake mtawala. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo akiwa kifungoni anatunga shairi la kumwagiza mama yake afiche tupa ndani ya mkate. Kisha ngoma ya gungu inapovuma, anakata minyororo bila mlio kusikika. Shairi linapeleka siri na ngoma inaficha sauti. Ukiviondoa, mfungwa hatoki. Ukiyaondoa maneno ya Kiswahili mwanzoni mwa “Spirit”, wimbo unaendelea vilevile. Hiyo ndiyo tofauti ya neno linalotenda na neno linalopamba.

5. Lugha yenye kwao

Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na baadhi wakafika Uingereza. Huko, ulimi ukawa ushahidi. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa za uhamiaji ya Uingereza ilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni, na uwezo wa kuzungumza Kibajuni ulikuwa miongoni mwa masuala yaliyopimwa. Kutamka “mchu” palipo na “mtu” ya Kiswahili sanifu, au “chachu” palipo na “tatu”, kuliweza kuwa na uzito katika kuamua kama mwombaji ataaminiwa.

Kwa hiyo Kiswahili kinaishi maisha mawili. Studioni kinatakiwa kiwe cha Afrika nzima, kisichouliza kilizaliwa wapi. Mbele ya afisa wa uhamiaji kinadaiwa kitaje kisiwa.

6. Hitimisho

The Gift inastahili kusikilizwa, na kwa furaha. Ila kipimo cha kuihukumu imekiweka yenyewe: Kiyoruba kilipewa Mnigeria wa kukiimba, nacho Kiswahili hakikupewa mtu. Mwimbaji mmoja wa pwani, awe wa Mombasa, Unguja au Chula, angetosha kumwombea mfalme umri kwa kauli ambayo mama angemwombea mwanawe. Wasikilizaji wa dunia wasingeelewa zaidi ya walivyoelewa. Msikilizaji wa Kismayo angejua kwamba anayesema ni mtu wa kwao.