Timazi Iliyofika Tororo

Mwaka 1960 Yogiji Maharaj, kiongozi wa kiroho wa jumuiya ya Kihindu ya Waswaminarayan wa BAPS, alitoka India kwa ziara yake ya pili ya Afrika Mashariki. Alikuwa mzee anayekaribia miaka 70, na alikuja kuweka wakfu mahekalu matatu nchini Uganda: la Kampala, la Jinja na la Tororo. Kampala na Jinja zinaeleweka upesi. Kampala ilikuwa kitovu cha biashara. Jinja ilikuwa na viwanda, na ilikuwa na chimbuko la Nile, ambako sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa mwaka 1948. Mpaka leo Wahindu hufika pale kwa heshima ya mtu anayezuru mahali patakatifu. Lakini Tororo ni mji wa mpakani, kilomita chache kutoka Malaba na safari fupi ya matatu kutoka Busia. Watu wanaujua kwa mwamba wake mkubwa na kwa saruji. Mahujaji unaowaona upande huu ni wapita njia: Wakatoliki kutoka Kenya wanaovuka Busia na Malaba kwa miguu kila mwaka ili wafike Namugongo, patakatifu pa Mashahidi wa Uganda, kabla ya Juni 3. Na hapo, katika mji ambao hakuna andiko la kale la Kihindu lililoutaja, palijengwa hekalu, na mzee akavuka bahari kwa ajili yake.

Nataka kuisifu kazi ya mikono iliyowezesha jambo hilo, na nitaisifu polepole, maana ufundi wa hekalu haumfungukii mtu mwenye haraka.

Tuanze na reli, kwa sababu ndiyo iliyoleta vifaa na watu. Waingereza walipojenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901, waliajiri zaidi ya vibarua na mafundi 31,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na chini ya 7,000 wakaamua kukaa. Baadaye, katika miaka ya 1920, njia mpya iliyopitia Eldoret iliingia Uganda kwenye mpaka wa Malaba, na Tororo ikawa njia panda: mkono mmoja wa reli ulikwenda Mbale na Soroti, mwingine ukafika Kampala mwaka 1931. Pamba ya mashariki mwa Uganda ilihitaji jineri, yaani viwanda vya kuichambua, jineri zilihitaji wenye mtaji, na wenye mtaji wengi walikuwa Wagujarati. Nyuma yao walikuja waashi, maseremala na wahunzi, wengine Masingasinga wa Punjab, wengine watu wa Kutch na Gujarat. Hao ndio ninaowafuata hapa.

Kwa miaka mingi ibada yao ilikuwa ya nyumbani. Rafu moja ukutani, picha, taa ya samli, ubani. Wafuasi wa BAPS waliunda kundi lao la Afrika Mashariki mjini Nairobi mwaka 1928, na walikaa miaka 27 kabla ya kuwa na hekalu lao la kwanza barani, lile la Mombasa, ambalo Yogiji Maharaj aliliweka wakfu katika ziara yake ya kwanza mwaka 1955. Tororo ilifuata baada ya miaka mitano.

Ili kuona ugumu wa kazi iliyowakabili mafundi wa miji midogo, ni lazima kwanza kujua hekalu linavyojengwa pale ambapo mawe, muda na fedha vyote vipo. Huko Gujarat kuna ukoo wa Wasompura, mafundi ambao kwa vizazi wamerithishana elimu ya mahekalu, baba kwa mtoto. Prabhashankar Sompura ndiye aliyechora hekalu jipya la Somnath, lililowekwa wakfu mwaka 1951, na mjukuu wake Chandrakant akachora la Neasden, London, ambalo nitalirudia. Kwa watu hawa mchoro hauanzii kwenye pambo. Unaanzia kwenye kipimo kimoja. Upana wa chumba cha ndani, kile kidogo kisicho na dirisha ambamo murti, sanamu takatifu, hukaa, ndio unaozaa unene wa kuta, na unene wa kuta unazaa urefu wa mnara. Urefu wa mlango hugawanywa katika sehemu, na macho ya murti hupangiwa sehemu yake, ili mtu anayesimama ukumbini atazamane nayo bila kizingiti cha juu kuingilia kati. Fundi akikosea upana wa chumba kwa vidole viwili, kosa hilo litapanda naye hadi kileleni.

Kileleni kuna jiwe la duara lenye mbavu mfano wa boga, na juu yake chungu cha jiwe au cha shaba. Mtu aliye barabarani huona hivyo viwili tu na kuondoka. Mimi huvutiwa zaidi na kuba la ukumbi, kwa sababu hapo ndipo fundi anapolazimika kukubaliana na uzito. Anasimamisha nguzo na kuzipandishia boriti za mawe, akapata mraba. Kisha analaza mawe yakikata pembe za mraba, na mraba unakuwa na pande nane. Anakata pembe tena, na umbo linakaribia duara. Kuanzia hapo kila mduara wa mawe unachomoza kidogo kuelekea ndani kuliko ule wa chini yake, na ukikamilika unajibana wenyewe, jiwe likisukuma jiwe. Jiwe la mwisho la katikati hufunga kazi yote, na mara nyingi huchongwa ua linaloning'inia kichwani mwa waumini. Hakuna nondo humo. Mafundi wa kale walijua kwa macho yao kitu ambacho mhandisi leo anaweza kukieleza kwa hesabu: chuma kikishika kutu hufura, na kikifura ndani ya jiwe hulipasua. Hekalu lenye nondo lina umri wa nondo zake. Hekalu la jiwe juu ya jiwe halijui saa hiyo.

Vifaa vya kazi hiyo vyote vinaweza kuingia katika mfuko mmoja: tindo, nyundo, kamba, guniya na timazi. Timazi hasa. Kipande cha risasi au shaba kwenye uzi kinamwambia fundi ukweli uleule Somnath na Mombasa, na hakihitaji umeme wala lugha.

Basi uchukue ufundi huo uulete Tororo ya miaka ya 1950. Jiwe lipo, lile la mwamba, lakini halichongeki nakshi kama mawe ya mchanga ya Rajasthan. Mchongaji hayupo, au yupo mmoja ambaye mchana hujenga maghala ya pamba. Jumuiya ni ya familia za wenye maduka. Kilichopo kwa wingi ni matofali ya kuchoma, mbao, na saruji, kwa kuwa kiwanda cha Tororo kilianza kazi mwanzoni mwa muongo huo kikitumia mawe ya chokaa ya palepale. Mila yenyewe ilikuwa imekwisha kufungua mlango kwa hali kama hii. Waswaminarayan wana aina mbili za mahekalu: lile lenye minara, na lile la ukumbi, ambalo kwa nje linaweza kufanana na shule au nyumba nzuri ya ghorofa. Katika miji ya biashara ya Afrika Mashariki aina hii ya pili ndiyo iliyozoeleka.

Wako wanaolitazama hekalu la ukumbi na kuliona pungufu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukumbi unaondoa mapambo ambayo yangeweza kuficha makosa. Unabaki na sakafu, kuta nne, safu za nguzo na madhabahu upande mmoja, na kila kitu lazima kiwe sawa kwa sababu hakuna pa kujificha. Waumini hukaa chini, kwa hiyo sakafu hupimwa kwa pimamaji kwa uangalifu ambao jineri haikuudai. Wanaume na wanawake hukaa pande tofauti, kwa hiyo mwanga na upepo lazima viwafikie wote sawasawa. Katika mji wenye joto na mvua kama Tororo, hilo linaamuliwa na kimo cha dari na mahali pa madirisha. Wanaozunguka madhabahu hupita wakiwa na murti upande wao wa kulia, kwa hiyo lazima ibaki njia ya kutosha nyuma ya madhabahu. Hesabu za chumba cha ndani hazijafutwa. Zimehamia kwenye kitu kimoja: kiti cha enzi cha murti.

Kiti hicho, kikiwa cha mbao, ndicho mahali ambapo seremala huonyesha alichojaliwa. Nguzo ndogo, matao, kuba dogo, kilele na chungu chake: hekalu zima linachongwa kwa ukubwa wa kabati, na vipimo vyake ni vilevile vya mnara wa jiwe. Mtu wa Unguja au Lamu hatauona ufundi huo kuwa mgeni, maana mafundi wa Kutch na Gujarat waliacha alama yao kwenye milango ya pwani muda mrefu kabla ya reli. Mti haupigani na patasi kama jiwe, lakini unafuata mvua na kiangazi, unavimba na kunywea. Seremala mzuri huacha nafasi ndogo kwenye viungo, akijua mti utaimaliza wenyewe. Pale panapotakiwa nakshi ukutani, mwashi huchonga kalibu ya mbao, humimina saruji laini, husubiri, hufungua, kisha hurudia ua lilelile mara nyingi na kuzipanga nakshi hizo kwa kamba. Kazi hii ya kalibu haipewi sifa inayostahili. Saruji haisahihishiki ikishakauka, na fundi ana muda mfupi tu wa kusafisha kingo kwa ncha ya mwiko.

Wala mikono haikuwa ya Wahindi peke yao. Katika majengo ya miji hii msimamizi alikuwa mara nyingi Mhindi, na wachanganya saruji, wapandisha matofali na baadaye waashi wenyewe walikuwa Wapadhola, Wateso, Wasamia, watu ambao baadhi yao mpaka umewagawa hata ndugu wa ukoo mmoja wana vitambulisho vya nchi mbili. Kijana aliyeanza kwa kubeba karai alijifunza timazi kwa kutazama. Ufundi ule ukavuka mpaka tena, safari hii kwa njia za Busia na Malaba, ndani ya mifuko ya watu waliokwenda kutafuta kazi upande wa pili.

Halafu ikaja Agosti 4, 1972. Katika kambi ya jeshi ya Tororo, mji uleule, Rais Idi Amin alitangaza mbele ya askari kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Ilikuwa imepita miaka 12 tu tangu hekalu liwekwe wakfu. Sina maneno ya kulipamba jambo hilo na sitaki kuyatafuta. Maduka, jineri na nyumba vilichukuliwa na serikali. Sheria ya kurudisha mali hizo ilipitishwa mwaka 1982, na urejeshaji wenyewe ukashika kasi katika miaka ya 1990 chini ya Museveni.

Wengi wa waliofukuzwa walikwenda Uingereza, wakaanza tena kusali katika nyumba na kumbi za kukodi. Mwaka 1995 wao na jamaa zao kutoka Kenya na India walifungua hekalu la Neasden. Mawe ya chokaa tani 2,828 yalitoka Bulgaria na marumaru tani 2,000 Italia. Yote yalipelekwa India, yakachongwa na mafundi zaidi ya 1,500, yakawekewa namba, yakasafirishwa London na kuunganishwa, vipande 26,300, bila nondo. Watoto walikusanya makopo ya soda na kuyauza ili kuchangia. Miaka minne baadaye, mwaka 1999, Nairobi ikapata lake, hekalu la kwanza barani Afrika la jiwe la kuchongwa kwa kanuni za kale, nalo lilichongwa India na kuunganishwa jijini humo. Ukipita barabara ya Profesa Wangari Maathai, ingia. Utaona mbele yako kila kitu ambacho mafundi wa Tororo walikijua na hawakuwa na mawe ya kukifanya.

Ila nenda Tororo pia. Vua viatu mlangoni, zunguka kwa mkono wa kulia, kaa chini uangalie sakafu inavyoshika mwanga kutoka ukuta hadi ukuta. Majina ya viongozi waliokuja kuweka wakfu yameandikwa vitabuni. Ya waashi na maseremala hayakuandikwa, na kijana aliyekuwa na miaka 15 akibeba karai mwaka 1960 sasa amepita 80. Ukimpata mzee wa aina hiyo Tororo, Malaba au Busia, muulize ni nani alishika timazi, na uandike jina hilo siku hiyohiyo.