Kiungulia, Mcheuo na Ngiri ya Kiwambo: Uhakiki wa Istilahi

Katika uhakiki huu tunakusudia kupima istilahi zitumikazo kuelezea ugonjwa wa asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, hasa zihusuzo maumbile yanayomweka mtu katika hatari ya kuupata. Tafsiri nyingi za maandishi ya afya huuita "kiungulia" na kuishia hapo. Neno hilo ni la Kiswahili fasaha, lakini ni jina la dalili, yaani ule moto uanziao chembe cha moyo na kupanda kuelekea kooni. Dalili ikipewa jina la ugonjwa, msomaji hudhani kwamba chanzo ni pilipili na ndimu tu, na habari za maumbile hukosa mahali pa kukaa. Mbaya zaidi ni tafsiri ya neno kwa neno, "moyo kuungua", ambayo humchanganyia mgonjwa maradhi ya umio na maradhi ya moyo.

Tuyatazame maumbile yenyewe. Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Hushuka kifuani, hupenya tundu la kiwambo, kisha huungana na tumbo. Mwishoni mwake pana msuli wa mviringo, wenye urefu wa sentimita 2 hadi 4, ambao hulegea chakula kipitapo na kujikaza kikishapita. Kiwambo nacho huubana kwa nje. Tena umio huingia tumboni kwa pembe kali inayosaidia kuzuia yaliyomo yasirudi juu. Msuli ukilegea, pembe ikipanuka, au sehemu ya tumbo ikipanda kifuani kupitia tundu lile, kizuizi hudhoofika. Mwaka 1951 daktari mpasuaji Mwingereza, Philip Allison, alieleza uhusiano baina ya kupanda huko kwa tumbo na umio kuunguzwa na asidi.

Msuli huo baadhi ya wafasiri huuita "vali". Hatuliafiki neno hilo. Vali aijuayo msomaji ni kile kifuniko cha moyoni au cha mpira wa baiskeli. Hapa pana msuli, na udhaifu wake ni wa msuli. Tunapendekeza "msuli bano".

Hali ya tumbo kupanda juu ya kiwambo huitwa "ngiri ya tumbo". Jina hili linapotosha. Kwa watu wengi ngiri ni maradhi ya kinena, tena ya wanaume. Bibi mzee akiambiwa ana ngiri ataona haya, au hatasadiki. Hata hivyo, dawa si kulitupa neno, bali ni kuufuata utaratibu ambao lugha imekwisha kuuweka. Tunasema ngiri ya kinena na ngiri ya kitovu: tunataja mahali palipopenywa, si kiungo kilichopenya. Kwa mantiki hiyo hiyo, istilahi ifaayo ni "ngiri ya kiwambo".

Aidha, maumbile haya yasiitwe "visababishi". Watu wengi wana ngiri ya kiwambo na hawaugui. Neno "kisababishi" hudai zaidi ya linavyodai tiba yenyewe. "Kihatarishi" husema kadiri ya ukweli. Ndivyo ilivyo pia kwa unene na ujauzito, ambavyo huongeza mkandamizo tumboni.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo huu: "kiungulia" ibaki jina la dalili, "mcheuo wa asidi" liwe jina la tendo, kwa kuwa kila mama anajua mtoto acheuavyo maziwa, na "ugonjwa wa mcheuo wa asidi" liwe jina la maradhi. Msuli bano uliolegea na ngiri ya kiwambo viitwe "vihatarishi vya kimaumbile".

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya wazipime istilahi hizi mbele ya wagonjwa wenyewe, kwani mgonjwa asiyeelewa jina la maradhi yake hawezi kuyafuata vema maagizo ya daktari.